Bei ya Ndai za Misuli Marekani Imelegea: Unapata Dili ama Unauziwa Mbuzi Kwenye Gunia?

Wiki tatu zilizopita beshte yangu ako Houston alinitumia picha saa nane usiku. Si picha ya mresh, si ya keja mpya. Ni Chevrolet Camaro ya 1969, nyekundu, michirizi miwili nyeusi kwa boneti, na kwa grili kuna beji imeandikwa SS. Chini yake ameandika tu: "Maze, jamaa ameshusha tena."

Hiyo dinga ilianza kuuzwa dola 64,000. Ikakaa. Ikashushwa ikafika 58,000. Ikakaa tena. Saa hii iko 52,000, ambayo ukipiga na dola ya shilingi 129 inakuja kama mita sita na laki saba za Kenya. Beshte yangu hufanya kazi ya kuhudumia wazee kwa nyumba ya wazee, shifti mbili, mgongo umeisha. Kwa miaka mitano ameweka dola 30,000, na kwao kila mtu anajua hiyo pesa ni ya plot ya mathe huko Juja. Mpango wake sasa ulikuwa hivi: achukue hizo 30,000, aongezee mkopo wa 22,000, anunue Camaro, akae nayo miaka miwili, soko likirudi auze. Plot moja igeuke mbili.

"Bei zimeanguka," akaniambia. "Si hii ndio time?"

Nikamwambia anipe siku mbili. Mimi si mchumi. Campo nilitoka mwaka wa pili na sijawahi rudi, lakini maneno ya ndai nimeyasoma kuliko notsi zozote za darasani. Na najua si yeye pekee. Kuna wasee kibao wako majuu, na wengine wako hapa hapa mtaani na ndoto, wanaona hizo bei zikiteremka na vichwa vinawaka. Kwa hivyo venye nilimpea yeye, acha nikupee na wewe.

Kwanza tuelewane hii kitu ni gani, juu hapa Kenya ukitaja V8 mtu anaona Land Cruiser ya mheshimiwa ikikula upande si wake na king'ora. Wamarekani wako na jina lao, "muscle car". Mimi nitaziita ndai za misuli. Wengi husema zilianza 1964 na Pontiac GTO. General Motors walikuwa na sheria ya ndani kwamba gari la saizi ya kati lisiwekwe injini kubwa kupita inchi 330 za ujazo. Wasee wa Pontiac, mmoja wao akiwa John DeLorean, yule baadaye alitengeneza ndai ya milango ya kupanda juu, wakacheza na maneno. Wakachukua Pontiac Tempest ya kawaida, wakaweka injini ya inchi 389, yaani lita 6.4, wakasema hiyo si gari mpya, ni kitu cha ziada mteja akitaka. Mwaka wa kwanza ziliuzwa 32,450. Kumbuka Probox inayobeba miraa na mayai mtaani kwenu ni lita 1.5.

Baada ya hapo ikawa ni vita. Ford na Mustang, Chevrolet na Camaro na Chevelle, Dodge na Charger, Plymouth na 'Cuda. Kufika 1970 ungeingia yadi ya Chevrolet utoke na Chevelle ya lita 7.4 ikiwa na nguvu za farasi 450, na wewe ni kijana wa mkono wa kiwandani, umelipa deposit tu. Halafu sherehe ikakatwa stima. Kampuni za bima zikapandisha bei kwa vijana, sheria ya hewa safi ikapitishwa 1970, na Oktoba 1973 Waarabu wakafunga mafuta. Miaka michache tu, zile ndai zikawa ni vyuma vya kunywa petroli hakuna mtu anataka. Zikawa rahisi kama mtumba wa Gikomba saa kumi na mbili jioni.

Na hapo ndipo ile hadithi inachanganya watu ilianzia. Mustang ya 1968 yenye Steve McQueen aliendesha kwa filamu ya Bullitt ilinunuliwa na familia moja 1974 kwa dola 6,000. Mama wa hiyo nyumba alikuwa mwalimu, alikuwa anaenda nayo kazi. McQueen mwenyewe aliandika barua 1977 akitaka auziwe, wakamnyamazia. Januari 2020 ikapelekwa mnada wa Mecum kule Kissimmee, Florida. Nyundo ikagonga kwa dola milioni 3.4, na ukiongeza ada ikawa milioni 3.74.

Tamu, ama? Shida ni kwamba kila mtu ako na Mustang kwa gereji huisikia hiyo hadithi akafikiria ni yake. Sasa hiyo Bullitt ni moja. Camaro za 1969 zilitengenezwa 243,085. Kati ya hizo, zile za kutisha kabisa, ZL1 za injini ya aluminiamu, zilikuwa 69 peke yake. Beshte yangu hakuwa anauziwa moja ya hizo 69.

SOKO LAINI HALIPIGI KELELE

Watu hufikiria soko likianguka kuna mlio. Kwa hizi ndai hakuna. Kitu cha kwanza kupotea si bei, ni simu. Jamaa anaweka tangazo, zamani simu ingelia siku hiyo hiyo, sasa inalia mara moja kwa wiki, na anayepiga anauliza maswali kama afisa wa KRA. Muuzaji hashushi bei, anangoja. Kwa mnada utaona gari imepandishwa, watu wamefika bei fulani, halafu mwenyewe anakataa na inarudishwa kwa lori. Hiyo haiingii kwa hesabu kama mauzo. Kwa hivyo ukiangalia bei za matangazo utadhani soko liko sawa, kumbe hakuna kitu inasonga.

Na kukataa kuna bei yake. 'Cuda ya 1971 isiyo na paa, yenye injini ya Hemi, ni ndai adimu vibaya, zilitengenezwa 11. Moja iligongewa nyundo dola milioni 3.5 mwaka 2014. Mei 2021, soko likiwa moto, moja ilipelekwa mnada Indianapolis watu wakafika milioni 4.8. Mwenyewe akasema haitoshi, akaondoka na gari lake. Kwa dola ya leo hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 600 mtu ameangalia usoni akasema hapana. Mimi ningezimia hapo hapo kwa jukwaa.

Kwa nini ililegea? Wakati wa korona riba Marekani ilikuwa karibu sufuri, serikali ilituma watu cheki, na kila mtu alikuwa amefungiwa kwa nyumba na simu mkononi na tovuti kama Bring a Trailer zikimwonyesha magari ya utoto wake. Bei zikaruka. Halafu Machi 2022 benki kuu yao ikaanza kupandisha riba, na kufika Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Pesa ya kukopa ikawa ghali, na pesa ya kulala tu kwa benki ikaanza kuzaa. Sasa kama unaweza kuweka dola 50,000 mahali ikuletee faida bila kumwaga oili kwa sakafu, unanunua Camaro ya nini? Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani ambayo pia hupima hili soko, kipimo chake kilipanda hadi 2022 halafu kikaanza kuteremka.

Lakini kuna sababu ingine ya chini kwa chini, na hii ndio mimi ninaiogopa kuliko riba. Riba hupanda na hushuka. Miaka haishuki. Kijana aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1969 akipitwa na Camaro mpya akaapa siku moja atainunua, huyo saa hii amepita 70. Alinunua kitambo akiwa na pesa. Sasa magoti yanauma, anahamia nyumba ndogo, na watoto wake hawataki gari ya kuvuta usukani kama jembe. Wengi wao wanauza kwa wakati mmoja.

Na wale wanakuja nyuma yao wanapenda nini? Si ndio hawa sisi. Sisi tulikulia kwa Fast and Furious. Ni kweli Dom alikuwa na Dodge Charger ya 1970, lakini wewe uliangalia gari gani? Supra ya machungwa. Juni 2021 moja ya zile Supra Paul Walker alitumia kwa hizo filamu iliuzwa Las Vegas dola 550,000. Toyota. Mtoto wa Marekani mwenye pesa leo anatafuta Skyline, anatafuta BMW ya miaka ya tisini. Kwa hivyo mtu akikuambia "soko litarudi tu, limewahi rudi", muulize litarudishwa na nani.

Limewahi rudi, ndio. Lilipanda mwisho wa miaka ya themanini likaanguka, likapanda tena miaka ya 2000 minada ilipoanza kuonyeshwa TV, likaanguka 2008. Lakini cheki hii. Kuna Shelby Cobra inaitwa Super Snake, ya Carroll Shelby mwenyewe. 2007 iliuzwa Barrett-Jackson kwa dola milioni 5.5 na ada. 2021 ikauzwa tena hapo hapo Barrett-Jackson. Kwa ngapi? Milioni 5.5. Miaka 14. Na kitu ungenunua dola 100 mwaka 2007 ilikuwa karibu 130 kufika 2021. Hiyo ndio ndai moja ya kubwa kabisa Marekani imewahi toa, na bei ililiwa na mfumuko wa bei bila mtu yeyote kuiba.

HESABU YA BESHTE YANGU

Hapa ndio nilimkalisha chini, na ukisoma kitu kimoja tu kwa hii stori, soma hapa.

Tuseme amenunua 52,000. Mkopo wa 22,000, tuseme riba ni asilimia 9 kwa mwaka, wa miaka mitano. Kwa miaka miwili ya kwanza atakuwa amelipa riba kama dola 3,300. Bima na mahali pa kulaza gari, juu anaishi kwa apatimenti hana gereji, tuseme 150 kwa mwezi. Miaka miwili hiyo ni 3,600. Hatujagusa matairi, betri, kabureta. Tayari gari imemgharimu 58,900.

Anaipeleka mnada. Nyumba nyingi kubwa za mnada hukata mnunuzi asilimia 10 juu ya bei ya nyundo, na muuzaji naye anakatwa kamisheni yake. Tuseme pia ni 10. Ili atoke na 58,900 yake, nyundo lazima igonge kwa kama 65,400. Na yule mnunuzi, akiongeza ada yake, analipa karibu 72,000.

Yaani ili beshte yangu asipate hata senti moja, awe tu ametoka sare, inafaa atokee mtu wa kulipa dola 72,000 kwa gari ambayo leo imekosa mtu wa 64,000, ikakosa wa 58,000. Na hapo ndipo plot inaanza.

Alinyamaza kwa simu hadi nikafikiria imekatika.

Halafu nikamwambia sawa, tuseme bado unaitaka. Unaitaka kuiendesha Jumapili, upige picha, uringe, hiyo ni sababu halali na mimi sitakucheka. Lakini kabla ya kutoa hata dola moja, muulize namba ya chasisi.

Hii ndio sehemu tamu. Gari za siku hizo namba yake inaongea, lakini kila kampuni ina lugha yake. Kwa Plymouth na Dodge herufi ya tano inakuambia injini ilikuwa gani kiwandani: ikiwa R kwa ile miaka ya mwisho, ilitoka na Hemi. Kwa Pontiac kuanzia 1966 hadi 1971, GTO halisi namba inaanza na 242. Kwa Ford kuna jamaa anaitwa Kevin Marti ako na rekodi za kiwanda kuanzia 1967, unalipa unatumiwa ripoti. Camaro ya 1969 ni msumbufu kidogo, juu namba haisemi kama ni SS ama si SS. Lakini inasema kitu kimoja muhimu. Ikianza na 124, ilizaliwa na V8. Ikianza na 123, ilizaliwa na injini ya silinda sita, ile ya mama kuenda sokoni.

Na SS ya 1969 haikuwahi toka na silinda sita. Hata moja.

Namba iko juu ya dashibodi upande wa dereva, unaisoma ukiwa nje kupitia kioo. Beshte yangu akaenda Jumamosi baada ya shifti. Akanipigia video. Akasogeza simu pole pole kwa kioo, mimi niko kwa kiti yangu Umoja nimeshika pumzi kama naangalia penalti.

Moja. Mbili. Tatu.

Alipomuuliza muuzaji, jamaa hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Ndio, injini ilibadilishwa kitambo, lakini kila kitu ingine ni SS." Manze. Hiyo ni kama kusema huyu ni ng'ombe, isipokuwa tu alizaliwa mbuzi.

Usinielewe vibaya. Kloni si dhambi. Gari iliyozaliwa ya kawaida ikavalishwa nguo za SS inaweza kuwa poa kuliko SS yenyewe, breki mpya, injini mpya, hailii njiani. Dhambi ni kuiuza kwa bei ya halisi. Na soko likiwa laini pengo kati ya hizo mbili linapanuka. Zile ndai za makaratasi kamili, injini ile ile ya kiwandani na namba zinafanana, bado zinapata watu wao, juu wenye pesa nyingi hawaogopi riba. Zinazolala ni zile za katikati: kloni, zile zimerudishwa vizuri lakini hazina historia, zile mwenyewe aliweka rangi anayopenda yeye. Na hizo za katikati ndio mtu wa kawaida huuziwa.

Baada ya namba, mambo ingine ni yale yale unajua kutoka kwa yadi za hapa. Beba sumaku ndogo. Ukiipitisha kwa bodi ikikataa kushika mahali, hapo si chuma, hapo ni filla. Kwa Camaro angalia sakafu, angalia buti, angalia mbavu za nyuma juu ya tairi, na pale chini ya kioo cha mbele maji hukaa. Usidanganywe na bodi safi, juu siku hizi kuna kampuni inaitwa Dynacorn inauza bodi nzima mpya ya Camaro ya 1969. Mtu anaweza kukujengea gari ya 1969 yenye chuma chake hakijawahi ona 1969. Lipa mkaguzi asiyejuana na muuzaji, dola mia kadhaa, hiyo ni pesa ya bei rahisi kuliko zote utatoa.

Na tafadhali usinunue iliyovunjika ati utarekebisha pole pole. Kurudisha gari vizuri inaweza kumeza masaa 1,000 ya fundi. Ukipiga na dola 100 kwa saa, hiyo ni dola 100,000 na bado hujanunua spea. Ndio maana soko laini linapendelea mtu wa kununua iliyokwisha tengenezwa. Kuna mtu ashalia hizo machozi, usimwombe akuachie nyingine.

Kama shida yako ni hisia tu, ile mngurumo na macho ya watu kwa taa za trafiki, Mustang za 1966 zilitengenezwa 607,568. Ziko, spea ziko, fundi yeyote anazijua, na ile ya kawaida bila beji za kujigamba haikuitishi bei ya nyumba. Nilimwambia hivyo pia. Akasema si Camaro. Mapenzi hayana dawa.

NA KAMA WEWE NDIO UNAUZA

Hapa niko na maneno machache, juu wengi wenu hamna ya kuuza, lakini najua wengine wenu mnauzia wazee, mnauzia mabosi, ama mmeachiwa na mzae wa kambo huko majuu.

Yule jamaa wa Houston alikosea mwanzo. Alianza na bei ya 2022 kichwani. Kila akishusha, wale wote waliokuwa wamehifadhi tangazo lake wanaona, na wanasema huyu anatoka jasho, tungoje tena. Anza na bei zilizouzwa kweli kweli miezi michache imepita, si zile watu wanaomba. Zilizouzwa ziko wazi kwa tovuti za minada, unaziona bure. Sema ukweli wa namba kwa sentensi ya kwanza. Kwa Bring a Trailer kuna wazee kule hawana kazi ingine, wataona bolti moja si ya mwaka huo na watakuanika mbele ya wanunuzi wote. Afadhali ujianike mwenyewe.

Usipige rangi mpya ndio uuze. Pesa hairudi, na mnunuzi atajiuliza unaficha nini. Rekebisha breki, hakikisha inawaka ikiwa baridi, chukua video hiyo ikiwaka, ilaze juu uonyeshe tumbo. Na fikiria mara mbili kabla ya kukimbilia zile minada kubwa za Januari. Kissimmee hupandisha magari elfu kadhaa, ndai yako nyekundu inasimama kwa foleni na nyekundu zingine. Barrett-Jackson huuza nyingi bila bei ya chini, yaani bei yoyote nyundo ikigonga, imeenda. Soko likiwa moto hiyo ni raha. Likiwa baridi, unaweza kurudi nyumbani na pesa ya Vitz.

Na wewe uko Nairobi unajiuliza kama unaeza leta moja hapa, punguza spidi. Sheria yetu ya magari kuukuu yanayoingizwa inataka yasipite miaka minane, na usukani uwe kulia. Camaro ya 1969 imefeli yote mawili kabla ifike Mombasa. Waaustralia walitengeneza zao za misuli zenye usukani kulia, Ford Falcon GT-HO na Holden Monaro, lakini hizo pia ni wazee. Mtu akikuambia anajua mtu anajua mtu bandarini, hiyo doo ishaenda. Ukitaka kuona vyuma vya zamani vikiwa vimepigwa polishi, subiri Concours pale Ngong Racecourse, uingie na tikiti yako, uangalie na usiguse.

Kurudi Houston. Beshte yangu alimwambia yule jamaa bei yake ni 36,000, bei ya kloni, pesa taslimu, bila mkopo mkubwa. Jamaa akacheka. Akasema kuna mtu wa Dallas anakuja na 50,000 wikendi.

Wikendi ikapita. Mtu wa Dallas hakuonekana, na sijui kama aliwahi kuwepo. Jumanne tangazo likabadilika, sasa ni 46,500, na lile neno "SS" limepata rafiki mpya mbele yake: "mtindo wa".

Jana usiku simu yangu ikalia tena saa nane. Ni screenshot. Yule jamaa amemtext mwenyewe: "Bado uko na ile 36?" Beshte yangu hajamjibu. Ameniambia mathe alimpigia mchana, mwenye plot Juja anataka kujua kama wanalipa mwezi huu ama ampe mtu mwingine.